Sukari Haishuki, Kiatu Kinabana: Jinsi Homoni ya Ukuaji Inavyovuruga Sukari Mwilini

Chukua mfano wa mama wa miaka 45 anayeishi Zuzu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Ana kisukari. Ugali amepunguza, soda ameacha, vidonge anameza asubuhi na jioni. Lakini kila akipima kabla ya kula, mashine inasoma 11. Ndugu wameanza kumsema kwamba anakula kwa kujificha.

Huku nyuma kuna mambo mengine ambayo hakuna aliyeyaunganisha. Pete ya ndoa imemkwama kidoleni. Alikuwa anavaa kiatu namba 38, sasa 40 kinambana. Usiku anakoroma mpaka anaamsha watoto, na jasho linamtoka hata wakati wa baridi ya mwezi wa sita.

Mtu kama huyu inawezekana hali kwa siri kabisa. Huenda tatizo lake linaanzia kichwani, kwenye tezi ndogo inayoitwa pituitari.

Homoni hii ni nini?

Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere na imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Kati ya homoni inazotengeneza ipo homoni ya ukuaji. Kwa mtoto inarefusha mifupa. Kwa mtu mzima kazi yake haijaisha: inasaidia kutunza misuli na mifupa na kupanga mwili utumie mafuta kiasi gani na sukari kiasi gani.

Ikizidi, mara nyingi ni kwa sababu ya uvimbe kwenye tezi hiyo. Uvimbe huu kwa kawaida si saratani. Ukianza utotoni, mtoto anarefuka kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Sultan Kösen wa Uturuki, mwenye urefu wa sentimita 251. Ukianza ukubwani, mifupa haiwezi tena kurefuka, hivyo vinavyokua ni mikono, miguu, taya, pua na ulimi. Hali hiyo inaitwa akromegali.

Sukari inapandaje?

Insulini ndiyo inayoiruhusu sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli. Homoni ya ukuaji inavuta upande wa pili, kwa njia tatu:

1. Inayeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamwaga kwenye damu. Misuli ikishapata mafuta ya kuchoma, inaiacha sukari.
2. Inalifanya ini litengeneze sukari zaidi, hata kama mtu hajala.
3. Inaufanya mwili uwe sugu kwa insulini. Insulini ipo, lakini haisikilizwi.

Kongosho linajitahidi kutoa insulini nyingi zaidi ili kufidia. Likichoka, sukari inapanda na kisukari kinaanza. Kwa kila watu 100 wenye akromegali, takribani 15 mpaka 40 wana kisukari, kutegemea utafiti uliofanyika wapi.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mgonjwa anaweza asiwe mnene. Homoni hii hupunguza mafuta ya mwili, kwa hiyo mtu anaonekana mkakamavu huku sukari yake iko juu. Pia inaufanya mwili ushike chumvi na maji, ndiyo maana presha hupanda, na moyo unaweza kutanuka.

Uhusiano huu haukugunduliwa jana. Bernardo Houssay wa Argentina alionyesha kwamba mbwa waliotolewa kongosho walipata kisukari chepesi zaidi wakiondolewa na tezi ya pituitari. Mwaka 1947 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Dalili za kuangalia

Akromegali ni ugonjwa wa nadra. Wengi wenye kisukari hawana tatizo hili. Lakini kama sukari inagoma kushuka na kuna mambo kadhaa kati ya haya, mwambie daktari:

- Pete au viatu vinabana bila unene kuongezeka
- Meno yanaachana, taya linatokeza
- Sauti inakuwa nzito, kukoroma kunazidi
- Jasho jingi, kichwa kuuma mara kwa mara
- Macho hayaoni vizuri pembeni
- Viungo vinauma, ganzi mikononi
- Hedhi inavurugika

Njia rahisi: beba picha yako ya miaka 10 iliyopita. Mabadiliko huja polepole mno kiasi kwamba watu wa nyumbani hawayaoni. Wagonjwa wengi hukaa miaka kadhaa kabla ya kugundulika.

Vipimo na matibabu

Kipimo cha kwanza ni cha damu kinachoitwa IGF-1. Kingine ni kunywa gramu 75 za glukosi kisha kupima homoni. Kwa mtu mzima wa afya, sukari ikipanda homoni ya ukuaji hushuka. Kwa mgonjwa haishuki inavyotakiwa. Baada ya hapo hufanyika MRI ya kichwa.

Mkazi wa Zuzu anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya, kisha akapewa rufaa kwenda General au Hospitali ya Benjamin Mkapa, zote ziko Dodoma. Kwa upasuaji wa ubongo, taasisi kubwa ni MOI, Dar es Salaam.

Tiba kuu ni kuondoa uvimbe, mara nyingi kwa kupitia tundu la pua bila kupasua fuvu. Zipo pia sindano, vidonge na mionzi.

Habari njema ni kwamba homoni ikishushwa, sukari nayo mara nyingi hushuka. Hapo ndipo pa kuwa makini: dozi ya zamani ya insulini au vidonge inaweza kuwa kubwa mno na kumwangusha mgonjwa kwa sukari kushuka sana. Pima mara kwa mara, na dozi ibadilishwe na daktari, usijipangie mwenyewe.

Vijana wa gym nao wajue: sindano za homoni ya ukuaji za kujaza misuli zinaweza kupandisha sukari kwa njia hiihii.

Na kwa ndugu wa mgonjwa: kabla ya kumwambia anakula kwa siri, angalia kwanza viatu vyake.