Mtaro wa Leta na bustani ya nyuma ya nyumba



Kuna swali linalorudi kila tukipeleka ripoti: juu ya nini watu wa mlimani wanapokea mbegu lakini wanakataa kuchimba mitaro? Sisi tunaotembea huko, kwenye milima inayotazama ziwa Tanganyika upande wa Uvira na Fizi, tulifikiri kwanza ni uvivu. Mzee mmoja akatusahihisha: mtaro ni kazi ya Leta, na baba yake alilala gerezani juu yake.

Tufungue basi historia kidogo. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya kilimo cha lazima: siku 60 kwa mwaka mtu alilima zao alilopangiwa. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku zikapanda hadi 120. Kisha, miaka ya 1940 na 1950, ikaja kazi ya kuzuia mmomonyoko. Katika milima ya Kivu watu walichimba mitaro ya kukata mteremko, wakapanda majani ukingoni. Aliyekosa, amende au gereza. Kwa ufundi agronomu hakudanganya: mtaro unasimamisha maji, udongo haushuki bondeni. Lakini mwenye jembe hakuulizwa. Uhuru ulipofika 1960, mitaro mingi iliachwa. Baadaye Mobutu akaleta salongo, jembe la bure tena. Kidonda hakikupona.

Nyuma ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Pale bamama walipanda lengalenga, bishusha, matembele, na migomba miwili mitatu ya kivuli. Hiyo haikuwa shamba la Leta. Jivu la jiko, maganda, maji ya kunawa, vyote viliishia hapo. Kiangazi, toka mwezi wa sita hadi wa tisa, upepo ukikausha mlima mpaka majani yanafanana na vumbi, mara nyingi ni hapo tu panabaki kijani.

Vita ya 1996 ikatawanya watu. Wanamemba wengi walivuka ziwa, wakakaa miaka Nyarugusu na Lugufu, mkoa wa Kigoma, ambako kiangazi ni kirefu kuliko chetu na maji ni ya kupanga foleni. Kando ya vibanda wakalima vipande vidogo, tone la maji likihesabiwa. Mwezi wa kumi 2005 HCR ilipoanza kuwarudisha kwa meli hadi Baraka, ujuzi huo ulirudi nao. Mashamba, hapana: mengi walikuta yana watu wengine. Na kesi ya shamba inaweza kula miaka, wakati lengalenga inachumwa kwa wiki tatu au nne. Kwa mama aliyerudi na watoto, hiyo tofauti ndiyo chakula cha jioni.

Tuseme na kosa letu. Mara ya kwanza tulileta miche ya shu mwezi wa sita, kwa sababu ilikuwa kwenye bajeti. Ikakauka yote. Parsele ya jirani mboga zilisimama: mama alikuwa amechimba vitanda vyake chini ya usawa wa ardhi, akafunika na nyasi kavu, maji yasikimbie. Anaviita mashimo ya mboga. Kumbe ni mtaro ule ule, mfupi tu, na hakuna chefu aliyemwamuru.

Sasa neno mtaro tumeliacha. Tunaanzia kwenye bati. Paa la metre 20 za mraba, mvua ya milimita 10, linatoa karibu lita 200, yaani bidoni kumi ambazo binti hatapandisha mlima. Maji hayo tunayaelekeza kwenye mashimo ya mama, ili udongo unywe kabla mvua hazijakatika.

Kwa wafadhili: fomu yenu inauliza metre ngapi za mitaro zimechimbwa. Mwaka huu tutaandika sifuri. Tunaomba muongeze mstari mmoja wa mashimo, na bati zifike kabla ya mwezi wa tatu.