Mji wa Milimani Ulioanzia Ziwani

Ukiwa Tukuyu, katikati ya migomba na mashamba ya chai, ziwa hulikumbuki kabisa. Lakini boma la mji huu lilianzia ufukweni. Mwaka 1893 Wajerumani walijenga makao yao kaskazini mashariki mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, wakayaita Langenburg. Homa ikawachosha, na karne ya 20 ilipoanza wakapanda mlimani. Boma jipya wakaliita Neu-Langenburg. Ndiyo Tukuyu ya leo.

Chombo chao kilikuwa meli ya chuma, Hermann von Wissmann, iliyoundwa Ujerumani na kuletwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Penye maporomoko, vipande vilibebwa na wapagazi ambao, kama ilivyo desturi ya vitabu vya enzi ile, hawana majina.

Wenyeji hawakuisubiri meli hiyo ndipo wavuke ziwa. Walikuwa na mtumbwi, na kazi yake huanza porini, si ufukweni. Fundi hutafuta mti mnene ulionyooka, akauangusha kwa shoka na kuanza kuuchonga palepale, maana gogo zima halibebeki. Nje hupata umbo kwanza. Kisha hufungua mdomo juu, nao katika Ziwa Nyasa aghalabu huachwa mwembamba, mawimbi yasiingie na mbavu zisitanuke. Kupitia mwanya huo tezo hula tumbo la gogo kidogo kidogo. Unene wa ubavu fundi huupima kwa kugonga na kusikiliza. Akizidisha, unatoboka, na jasho lote hilo linageuka kuni.

Mitumbwi ndiyo iliyobeba biashara ya Wakisi wa Ikombe, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu na kuvipeleka mnadani Lyulilo, jirani na Matema. Kuvusha shehena ya udongo uliochomwa katika chombo kinachoyumba namna ile ni ufundi usiopewa heshima yake.

Ile meli ya Wajerumani nayo ilikutwa na vita. Agosti 13, 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo, Waingereza wa meli ya Guendolen waliishambulia kwa mzinga. Nahodha wa meli hiyo ya Kijerumani, Berndt, alikuwa hajapata hata habari kwamba kuna vita. Rhoades, nahodha wa Guendolen aliyeamuru mzinga upigwe, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye.

Sasa meli za Tanzania za ziwa hilo huundwa Itungi, Kyela, ambako MV Njombe na MV Ruvuma zilishushwa majini mwaka 2017, kila moja ya kubeba tani 1,000. Chuma kinapatikana. Tatizo ni gogo la mtumbwi. Msitu wa Mlima Rungwe, jirani na Tukuyu, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, na shoka haliruhusiwi humo. Anayetaka chombo cha mti hugeukia boti ya mbao zilizopigwa misumari na kutiwa kalafati, au huutazama upya mti uliosimama shambani kwake.