PwnKit

PwnKit (CVE-2021-4034) ni udhaifu mkubwa wa kiusalama uliokuwa ndani ya pkexec, programu ndogo ya kifurushi cha polkit inayomwezesha mtumiaji wa Linux kuendesha amri kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine, aghalabu mtumiaji mkuu. Ulitangazwa na kampuni ya Qualys tarehe 25 Januari 2022. Yeyote aliyekwisha kuingia kwenye kompyuta, hata kwa akaunti duni kabisa, aliweza kujipa mamlaka yote bila kuulizwa nywila.

Kosa lenyewe

Programu inapoanzishwa hupewa orodha mbili zinazofuatana katika kumbukumbu: maneno ya amri, kisha vigeu vya mazingira. Neno la kwanza kwa desturi ni jina la programu yenyewe, hivyo pkexec ilianza kusoma kuanzia la pili. Orodha tupu haikufikiriwa. Ilipoletwa tupu, mahali pa neno la pili palikuwa na kigeu cha kwanza cha mazingira. Pkexec ilikichukua kama jina la programu ya kuendeshwa, ikatafuta njia yake kamili, kisha ikaandika jibu palepale ilipokisoma.

Madhara yalianzia hapo. Programu yenye alama ya setuid, yaani inayoendeshwa kwa mamlaka ya mmiliki wake kama pkexec, hupokonywa vigeu vya hatari kabla haijaanza kazi, lakini kwa mwanya huu mshambuliaji alikirudisha kimoja, GCONV_PATH, kinachoonyesha mahali pa maktaba za kugeuza usimbaji wa herufi, upekuzi ukiwa umekwisha. Kisha aliilazimisha pkexec itoe ujumbe wa kosa kwa usimbaji mwingine wa herufi. Ili kuugeuza ujumbe huo, pkexec ilipakia maktaba ya mshambuliaji na kuiendesha kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu.

Kugunduliwa

Kosa lilikuwamo tangu pkexec ya kwanza, Mei 2009. Mwaka 2013 mtaalamu mmoja aliiandika hadharani tabia hiyo ya ajabu, ila hakupata njia ya kuitumia. Inasikitisha kwamba haikurekebishwa wakati huo. Qualys waliiarifu kampuni ya Red Hat Novemba 2021. Siku ya tangazo viraka vilitoka, na msimbo wa kushambulia ukasambaa siku hiyohiyo.

Tiba

Waliokosa kiraka walishauriwa kuondoa alama ya setuid:

chmod 0755 /usr/bin/pkexec

Ni hatua ya busara hata leo kwa seva isiyotumia pkexec. Mfumo wa OpenBSD haukudhurika, kwa kuwa kiini chake hukataa orodha tupu ya maneno ya amri; kiini cha Linux nacho, kuanzia toleo la 5.18, huitilia orodha hiyo neno tupu.

Juni 2022 shirika la CISA la Marekani liliuingiza PwnKit katika orodha ya udhaifu unaotumiwa na washambuliaji.