Tabia, mwenendo na mtoto mtundu

Kikao kilianza saa nane mchana, katika darasa ambalo watoto wake walikuwa wameshaondoka. Tuliketi kwenye viti vya kitoto, magoti juu: mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwanasaikolojia wa shule, naibu mkuu wa shule, mama mzazi, na mimi mkalimani. Mwanasaikolojia alifungua kwa kusema kwamba tumekutana kuzungumzia tabia ya mtoto. Yeye hakusema tabia, alisema behavior. Tabia nilisema mimi.

Mama aliinua uso. Alitoka Fizi, huko Kongo, akiwa mdogo, akakulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu Marekani. "Mutoto wangu hana tabia mubaya," alisema, akinitazama mimi badala ya wao. Kabla sijamaliza kutafsiri, akaongeza: "Lakini kama anawasumbua, nitamchapa."

Mkalimani hachagui cha kutafsiri na cha kuacha, basi nikatafsiri. Naibu mkuu akaacha kuandika. Kule mwalimu analazimika kisheria kutoa taarifa akiwa na sababu ya kuhofu kwamba mtoto anaumizwa nyumbani, kwa hiyo robo saa iliyofuata hatukuzungumza habari za masomo kabisa. Tulizungumzia fimbo. Mama alijibu kwa heshima, jasho likimtoka, na mimi nilijua kwamba njia hiyo niliifungua mimi, kwa neno nililolichukua haraka kwa sababu ndilo lililokuwa karibu mdomoni. Nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili mama huyu na mwanawe wasitambulike. Maneno sikuyabadilisha.

Tangu siku ile nimelifikiria sana neno behavior. Kwa wanasaikolojia wa shule ni neno lisilo na lawama. Ni chochote anachofanya mtu ambacho mwingine anaweza kukiona na kukihesabu. Kuinua mkono ni behavior, kuketi kimya ni behavior, kutupa kasha la penseli ni behavior. Halimhukumu mtoto kuwa mwema au mbaya, wala halisemi lolote kuhusu kesho yake.

Tabia si hivyo. Tumelipata neno hili kutoka Kiarabu, ambako hubeba maana ya maumbile, asili ya kitu, na maana hiyo haijatutoka. Tunasema tabia ni kama ngozi. Mchumba huulizwa tabia yake kabla ya kuulizwa kazi yake. Ukimwambia mzazi kwamba mwanawe ana "changamoto za tabia", anasikia kwamba mtoto ameumbwa vibaya au amelelewa vibaya, na hakuna njia ya tatu. Mzazi aliyekulia kwetu anajua kinachotakiwa kwake hapo: aombe radhi, aahidi kiboko. Mama yule hakuwa mkatili. Alijibu neno alilolisikia.

Kiswahili chenyewe kimeshatuonyesha tofauti hii mahali pengine. Wataalamu wa mazingira walipohitaji kutenganisha mambo mawili ya anga, walichagua hali ya hewa kwa mvua ya leo na jua la kesho, na tabianchi kwa sura ya kudumu ya nchi, ile ambayo kwa kawaida hupatikana kwa kukusanya vipimo vya miaka 30. Wakachukua tabia kwa kile kinachodumu, na walichagua vizuri. Mwanasaikolojia mwenye karatasi yake anazungumzia hali ya hewa: Jumatatu saa nne asubuhi, dakika sita, kisha kukatulia. Mkalimani akisema tabia, amemgeuzia mzazi manyunyu ya asubuhi moja kuwa tabianchi ya mtoto.

Ndiyo maana siku hizi kwenye karatasi naandika mwenendo. Limetokana na kwenda, na kinachokwenda kinaweza kugeuza njia. Tunasema mwenendo wa bei, tukijua kwamba bei hupanda na kushuka. Halina usafi kamili, najua. Ripoti za shule kwetu zina sehemu ya "tabia na mwenendo", maneno mawili yamefungwa kamba moja, na mwenendo mwema husifiwa misikitini na makanisani. Hata hivyo mzazi anayeambiwa "mwenendo wake wakati wa kuandika" huuliza, "Wakati wa kuandika kuna nini?" Anayeambiwa "tabia yake" haulizi kitu. Na katika mazungumzo, ana kwa ana, hushuka hatua moja zaidi nikasema kitendo, au nikasema kilichotokea: alirusha, alijificha, alipiga yowe. Kitendo kinahesabika.

Hapo tunafika kwenye istilahi yenyewe iliyotuleta kikaoni, functional behavioral assessment, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa FBA. Bunge la Marekani liliiingiza katika sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu lilipoirekebisha mwaka 1997. Sheria yenyewe ilianza mwaka 1975. Kwa ufupi inadai hivi: mtoto mwenye ulemavu akiondolewa shuleni zaidi ya siku 10 za masomo, na ikaonekana kwamba alichofanya kimetokana na ulemavu wake, shule ichunguze kitendo kile kinafanya kazi gani kwa mtoto, kama haijawahi kuchunguza. Lakini mzazi hana haja ya kungoja mtoto afukuzwe. Anaweza kuomba tathmini mapema, na ni vizuri aombe kwa maandishi yenye tarehe. Shule ikikubali na mzazi akitia saini ya ridhaa, tathmini ya kwanza inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60, isipokuwa jimbo limeweka muda wake lenyewe.

Neno gumu ni kazi, yaani ile function ya Kiingereza. Tafsiri nyingi nilizokutana nazo zinasema "tathmini ya kazi ya tabia", na mzazi akisoma hivyo anadhani mtoto atapewa kazi, au atapimwa kama anafaa kwa kazi. Wahakiki wa fasihi wana neno zuri zaidi, dhima: dhima ya methali, dhima ya mhusika. "Tathmini ya dhima ya mwenendo" inasimama vizuri kwenye hati. Ugumu wake ni kwamba mawakili nao wanalitumia neno hilohilo kwa wajibu wa kulipa au kujibu, na mzazi wa Uvira au Bukavu huenda hajawahi kulisikia. Kwake nasema moja kwa moja: "Tunataka kujua kitendo hiki kinamletea nini." Lengo silitumii. Lengo linasema mtoto alikaa akapanga, na mtoto wa miaka sita aliye chini ya meza hajapanga kitu.

Tathmini nalishika, kwa sababu uchunguzi una harufu ya polisi na upimaji una harufu ya sindano. Waliopita kambini wamefanyiwa tathmini nyingi, za makazi na za chakula. Hawaifurahii, ila hawaiogopi.

Wazo lenyewe ni la zamani kidogo kuliko marekebisho yale ya 1997. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake huko Baltimore walichapisha utafiti juu ya watoto waliokuwa wakijiumiza wenyewe. Waliona kwamba kitendo kinachofanana kwa macho hushikiliwa na mambo tofauti kwa watoto tofauti: mmoja akijipiga watu humkimbilia, mwingine akijipiga kazi ngumu huondolewa mbele yake. Kutokana na kazi kama hiyo walimu leo huuliza maswali manne. Je, kitendo kinamletea mtoto kuangaliwa? Kinamwepusha na jambo? Kinampa kitu anachokitaka? Au mwili wenyewe unapata nafuu?

Karatasi ya kikao chetu ilikuwa na safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Naweza kuisoma mpaka leo. Kilichotangulia: mtoto anacheza na mafumbo ya hesabu ya darasa la tatu, mwalimu anasema wakati umekwisha, toeni madaftari ya kuandika. Alichofanya: alirusha kasha la penseli, akaingia chini ya meza, akapiga yowe. Kilichofuata: akapelekwa ofisini, ambako katibu alimpa kitabu cha sayari akatulia. Safu hizo zilijirudia mara tisa katika majuma mawili. Kati ya hizo tisa, saba zilitanguliwa na daftari la kuandika.

Mwalimu wa elimu maalumu alisoma safu ya kwanza kimya, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kutazama jinsi mtoto anavyoshika penseli. Hakuna aliyejibu. Kichwa kilikuwa darasa la tatu, vidole vilikuwa bado vinajifunza, na kila adhabu ya kumwondoa darasani ilikuwa inampa kile ambacho mkono wake uliomba.

Hapo ndipo mama alipozungumza kwa kirefu kwa mara ya kwanza. Alisema nyumbani mtoto amefungua rimoti, akazirudisha betri kinyume aone itakuwaje. Amefungua tochi. Alitaka kufungua na jiko, akamzuia. Akacheka kidogo, akasema: "Huyu ni mtundu."

Nilikwama. Mtundu kwa Kiswahili ni mtoto msumbufu, na pia ni mtu mwenye akili ya kubuni. Fundi anayefufua redio iliyokufa ni mtundu na anasifiwa kwa hilo. Kama ningechukua maana ya kwanza peke yake, mama angekuwa ameunga mkono mashtaka. Kama ningechukua ya pili, ningemfuta yule mtoto anayetaka kufungua jiko. Niliomba ruhusa ya mkalimani, ambayo tunaruhusiwa kuiomba, nikaeleza kwamba mama ametumia neno moja lenye usumbufu na ubunifu pamoja, na kwamba katika lugha yetu mambo hayo mawili hukaa nyumba moja. Mwanasaikolojia aliniomba nilitaje tena, akaliandika herufi kwa herufi pembeni mwa karatasi.

Wataalamu wa elimu nao wamehangaika kupata jina la mtoto wa namna hii. June Maker aliandika juu ya watoto wenye vipawa na ulemavu mwaka 1977. Baadaye likashika jina linalosema mtoto huyo ni wa kipekee mara mbili, kwa uwezo na kwa kizuizi. Watafsiri wengine hulitia kwa Kiswahili "mwenye upekee maradufu", na mimi silipendi, maana halielezi upekee wa nini. Tanzania tuna shule za vipaji maalumu, kama Ilboru na Kibaha, na tuna elimu maalumu kwa watoto wenye ulemavu. Neno maalumu linahudumia pande zote mbili bila kuzikutanisha. "Mwenye kipaji na uhitaji" ni refu, lakini mzazi analielewa mara moja, na mwalimu hawezi kushika nusu akaacha nusu.

Kushika nusu ndiyo hatari kubwa ya watoto hawa. Naibu mkuu alisema, kwa nia njema, kwamba alama za mtoto ni nzuri mno kwa yeye kustahiki huduma. Jambo hili kila mzazi anapaswa kulijua kabla hajaingia chumbani: kanuni za nchi ile zinasema haki ya elimu inayomfaa mtoto mwenye ulemavu ipo hata kama hajafeli somo lolote na anapanda darasa kila mwaka. Mwezi Aprili 2015 ofisi ya elimu maalumu ya serikali kuu ilizikumbusha idara za majimbo kwamba mtoto mwenye akili nyingi hawezi kunyimwa tathmini kwa sababu ya akili hizo. Mwalimu wa elimu maalumu ndiye aliyelisema hilo kikaoni, na nililitafsiri polepole, mara mbili.

Maneno mawili zaidi, kwa sababu yanagharimu. Support ukiliita msaada, aliyeishi kwa mgawo anasikia hisani ya mtu, na hisani haidaiwi. Ni huduma, na ni haki. Na hati inayoandikwa mwishoni, mpango wa mtoto mmoja, nimeiona ikiitwa "mpango wa elimu binafsi". Kwetu shule binafsi ni ya kulipia. Baba mmoja aliwahi kuninong'oneza akiuliza ada ni kiasi gani, akiwa tayari kuukataa. Mpango wa elimu mahususi kwa mtoto unatosha.

Mpango wa mtoto yule ulikuwa na mambo machache: aonywe dakika tano kabla ya kubadilisha shughuli, ajibu kwa mdomo au kwa kibodi pale ambapo kuandika si somo lenyewe, awe na kadi ya kuonyesha anapohitaji kupumzika, apate mtaalamu wa kuufundisha mkono kila wiki. Na mafumbo ya hesabu yasiwe zawadi ya kunyang'anywa.

Majuma sita baadaye tulirudi kwenye viti vilevile. Mama alitoa mkobani ukurasa wa kalenda, nyuma yake amepiga mistari miwili kwa kalamu, safu tatu. Alikuwa ameziandika za nyumbani. Nilianza kusoma kwa Kiingereza: Jumapili, nilimwambia azime televisheni, alirusha kiatu, nilimpa dakika tano, akazima mwenyewe. Jumanne, safu ya kwanza ilikuwa tupu. Mwanasaikolojia aliuliza kwa nini. Mama akasema siku hiyo alifika nyumbani amechelewa, akamkuta mtoto amejifungia chooni, hakuona kilichotangulia. "Nisiandike nisichokiona," alisema. Kisha akamgeukia mwalimu na kumuuliza Jumanne kule darasani walikuwa wamefanya nini.