Cheti cha Kidato cha Nne: Kutoka Cambridge hadi Shule Yetu ya Kata

Mahafali ya kidato cha nne hufanyika Septemba au Oktoba, na mtihani wa taifa hufuata Novemba. Kwa hiyo tunawavisha watoto mashada, tunapika pilau na kupiga picha wiki chache kabla ya jambo lenyewe. Wazee wetu wa Upare wanaouliza "Si amekwisha kumaliza?" hawana kosa. Wamekulia wakati mwingine.

Enzi za ukoloni na miaka ya mwanzo ya Uhuru, mtihani ulikuwa wa Cambridge, na majibu yalisafirishwa hadi Uingereza kusahihishwa. Waliofika kidato cha nne walikuwa wachache mno, na aliyefika ofisi zilimngoja. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, likisema mtoto asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake. Huko ndiko zilikotoka alama za maendeleo ya darasani. Bado zipo: kwa mwanafunzi wa shule ni 30 kati ya 100. Mzazi anayemzuia mtoto wiki tatu avune tangawizi anagusa hizo 30, na sisi tulioko mijini huwa hatumwambii.

Kati ya 2004 na 2009, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, zilichipuka shule za kata. Umoja wetu uliingia kwa nguvu zote: mawe, mchanga, saruji, mabati. Tulidhani kazi imekwisha. Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya mtihani wa 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima wakapata sifuri. Serikali iliunda tume, na Mei matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Baadaye madaraja yakaondolewa, tukaletewa mfumo wa wastani wa alama, ambao wazazi wengi hawakuwahi kuuelewa. Januari 2016 Waziri Joyce Ndalichako akaagiza madaraja yarudishwe. Mwezi huohuo ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikafutwa katika shule za Serikali.

Madaraja yamerudi, lakini yanatudanganya. Mwaka juzi kijana wetu mmoja alipata Daraja la Tatu. Baba yake mdogo alinunua godoro na sanduku la kidato cha tano, nasi tukachangia nauli. Majina yalipotoka, lake halikuwemo. Tulilaumu kila mtu, mpaka tulipokaa na karatasi yake ya matokeo na kuipigia hesabu.

Daraja huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Daraja la Tatu ni pointi 22 hadi 25. Kijana alikuwa na B ya Kiswahili, C ya Historia na D tano. Jumla 2, 3 na 20, yaani 25. Daraja la Tatu halali kabisa. Lakini kidato cha tano kinataka masomo yasiyopungua matatu yenye A, B au C, bila kuhesabu ya dini. Yeye alikuwa nayo mawili. Laiti D moja tu ingekuwa C!

Sisi tunaoshika vitabu vya Umoja tuliona haya. Kazi yetu ni tarakimu, na miaka yote tulisoma jumla bila kusoma mistari. Tumepitia pia hesabu zetu wenyewe: karibu kila shilingi ya elimu iliishia kwenye jengo, hata geti lina mhuri wetu. Mwalimu wa Hisabati wa kujitolea hakuwahi kuwa na kifungu.

Mwaka huu tunaomba michango ya mambo matatu: posho ya walimu wawili wa kujitolea, wa Hisabati na wa Kiingereza, chakula cha kambi ya masomo wakati wa likizo ya Juni, na ada ya mtihani kwa wanaorudia kama watahiniwa wa kujitegemea. Hawa hawana zile 30 za darasani, mtihani wao unabeba 100 zote, na usajili huanza mapema mwakani. Kijana wetu ni mmoja wao. Ameshauza godoro.

Fomu ya ahadi ipo ukurasa wa mwisho. Anayependa kutoa gunia la mahindi au maharage badala ya fedha, aandike hivyohivyo, na ataje kijiji cha kulichukulia.