Jicho la John Dalton

Wahenga walisema, "Mwenye macho haambiwi tazama." Nakuomba, msomaji, uikumbuke methali hiyo, kwani mwishoni mwa habari hii tutairudia ili tuipime.

John Dalton alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na mtoto huyo alianza kufundisha shule akiwa na umri wa miaka 12 tu. Baadaye alipata sifa kubwa kwa mafundisho yake juu ya atomu. Lakini leo hatusemi habari za atomu, bali za ua.

Mwaka 1792 Dalton alitazama ua la jerania. Mchana aliliona la buluu kama mbingu; usiku, kwa mwanga wa mshumaa, akaliona jekundu. Alistaajabu, akawauliza rafiki zake. Hawakuona mageuzi hayo. Ndugu yake tu ndiye aliyeona kama yeye.

Wengi wangeona haya, wakanyamaza. Dalton hakunyamaza. Mwaka 1794 alisimama mbele ya chama cha wataalamu mjini Manchester, akaueleza upungufu wake mwenyewe. Alidhani kwamba maji yaliyomo ndani ya macho yake yalikuwa ya buluu, na kwa hiyo yalizuia mwanga mwekundu. Tena aliagiza kwamba akifa, macho yake yachunguzwe. Alipofariki mwaka 1844, tabibu wake Joseph Ransome aliutimiza wasia huo. Alipoyatazama maji ya jicho moja, aliyaona meupe, wala hayakuwa na buluu. Akakata tundu nyuma ya jicho la pili, akachungulia kwa kupitia humo. Nyekundu na kijani zikabaki vilevile. Dalton alikuwa amekosea. Hata hivyo mabaki ya macho yake yalihifadhiwa.

Basi kasoro ilikuwa wapi? Nyuma ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina. Ndani yake mna chembe hai zipokeazo mwanga. Zenye umbo la fimbo, zipatazo milioni 120, hutusaidia penye mwanga hafifu. Zenye umbo la koni, zipatazo milioni 6, hutupambanulia rangi. Koni ni za aina tatu, na kila aina ina kemikali yake ya kunasa mwanga, itengenezwayo kwa kufuata jeni tuliyorithi kwa wazazi. Mwaka 1995 wataalamu walichukua vipande vidogo vya jicho la Dalton, wakachunguza urithi uliomo. Waliiona jeni ya koni nyekundu, lakini ile ya koni za kijani haikuwamo. Hivyo swali la mwaka 1794 lilijibiwa baada ya miaka 201, na aliyelijibu ni jicho la muulizaji mwenyewe.

Je, mtu akiwa na jeni zote, ataona rangi zote? La. Fikiri: jeni ya koni nyekundu imo hata katika chembe za ini lako, lakini huko imelala, wala ini halioni. Lazima pawe na kitu cha kuiamsha jeni mahali pake. Mwaka 1989 Jeremy Nathans na wenzake huko Marekani walichunguza jamaa za watu wasiopambanua nyekundu wala kijani. Katika baadhi yao jeni zote mbili zilikuwapo, tena nzima. Kilichopotea ni kipande kitanguliacho jeni hizo, ambacho kazi yake ni kuziamsha. Kwa kukosa mwamshaji, zote mbili zililala.

Mwaka 2001 yakaonekana makubwa zaidi. Wataalamu wa Marekani walichunguza panya waliokosa jeni moja iitwayo Nrl, ambayo kazi yake ni kuziongoza jeni nyingine. Panya hao hawakuwa na fimbo hata moja. Chembe ambazo zingekuwa fimbo ziligeuka zikafanana na koni za buluu. Kumbe hata umbo la chembe hutegemea agizo!

Sasa turudi kwenye methali yetu. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini ndani ya macho, kila chembe huambiwa, na isipoambiwa haitazami.

Basi, msomaji, ukimwona mwenzako darasani amepaka msitu rangi ya kahawia katika ramani yake, usimcheke, wala usimwite mjinga. Labda hakupata agizo ulilopata wewe, na wewe hukulipata kwa bidii yako. Na kama ni wewe uonaye hivyo, usifiche. Sema kama alivyosema Dalton. Maelezo yake yalikuwa na kosa, lakini ukweli wa kukiri alichokiona, na moyo wa kukubali kupimwa hata baada ya kufa, ndivyo vilivyotufungulia njia.