Mawe ya Lalibela

Sisi tukaao Bulyanhulu twajua jinsi mwamba unavyomchosha mtafuta dhahabu. Basi na tuwatazame wachongaji wa Lalibela, katika nchi ya Uhabeshi, yaani Ethiopia. Mapokeo yasema kwamba Mfalme Lalibela, aliyetawala yapata miaka 800 iliyopita, alitaka Yerusalemu mpya. Yakachongwa makanisa 11 mwambani, wala hawakupanga jiwe juu ya jiwe. Mfereji uliopo huitwa Yordani, na jiwe moja kubwa huitwa Kaburi la Adamu. Kanisa la Mtakatifu Joji, lenye umbo la msalaba, lilichongwa kutoka juu kwenda chini. Patasi ikikosea, hapana kiraka. Sisi huvunja mwamba tupate kilichomo. Wao waliuchonga ili ubaki. Na hata leo watu husali humo.